Petro na Paulo waliacha lini kuwa Wayahudi?

Swali hili limetoka kwa mwalimu wa darasa la kipaimara mkoani Iringa. Anaeleza kwamba alikuwa akifundisha Matendo ya Mitume, mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono na kuuliza: kama Petro, Yakobo na Paulo walizaliwa Wayahudi, ni lini waliacha kuwa Wayahudi wakawa Wakristo? Mwalimu alimjibu kwamba Petro aliacha siku ya Pentekoste, na Paulo aliacha kwenye njia ya Dameski alipobadilishwa jina kutoka Sauli. Jibu hilo halikumtuliza hata yeye mwenyewe, ndipo akaniandikia: je, nilimjibu sawa? Na kama sivyo, Kanisa na Uyahudi viliachana lini?

Mwalimu, hawakuacha. Petro alikufa akiwa Myahudi. Paulo alikufa akiwa Myahudi. Yakobo, ndugu wa Bwana, aliyeliongoza Kanisa la Yerusalemu kwa miaka kama 20, alikufa akiwa Myahudi ambaye hata washika torati wa mji ule walikasirika kwa jinsi alivyouawa. Sisi huku tumezoea kuona mtu akitoka dini moja kuingia nyingine: anapewa jina jipya, anabadili siku ya ibada, pengine na ndugu zake wanamtenga. Basi tunaposoma habari za mitume tunaona kile tulichokizoea. Lakini katika mwaka wa 35 au wa 50 hapakuwa na dini ya pili ya kuhamia. Kulikuwa na Wayahudi wa aina nyingi, Mafarisayo, Masadukayo, Waesene, wafuasi wa Yohana Mbatizaji, na miongoni mwao Wayahudi waliosema kwamba Masihi amekwisha kuja, naye ni Yesu wa Nazareti.

Kusema fulani ndiye Masihi hakukumtoa mtu katika Uyahudi. Miaka 100 baadaye Rabi Akiva, mmoja wa walimu wakubwa kabisa katika historia ya Wayahudi, alimtangaza Simoni Bar Kokhba kuwa Masihi. Bar Kokhba akashindwa vita, akauawa mwaka 135, wala hakuna Myahudi aliyesema kwamba Akiva alikuwa amehama dini. Hadi leo wanamheshimu.

Tuanze na hilo la jina, maana nalisikia kwenye mahubiri karibu kila mwaka. Soma Matendo 9 yote: hakuna mahali ambapo Sauli anapewa jina jipya. Anabatizwa akiitwa Sauli, anahubiri akiitwa Sauli, anatumwa na kanisa la Antiokia akiitwa Sauli. Ni katika Matendo 13:9, yuko Kipro mbele ya liwali Sergio Paulo, ndipo Luka anataja kama kwa kupita tu kwamba Sauli huyu aliitwa pia Paulo. Wayahudi wengi wa zama zile walikuwa na majina mawili, moja la nyumbani na jingine la Kigiriki au la Kirumi la kutumia mbele ya wageni. Yohana aliitwa pia Marko. Katika Wakolosai 4 yuko Myahudi aitwaye Yesu, kwa jina jingine Yusto.

Tena mtazame aliyembatiza. Katika Matendo 22:12 Paulo anamweleza Anania wa Dameski kuwa mtu aliyeishika sheria kwa uchaji, aliyesifiwa na Wayahudi wote waliokaa mji ule. Yaani mkono uliombatiza Paulo ulikuwa wa Myahudi ambaye majirani zake Wayahudi hawakuwa na la kumlaumu.

Pentekoste nayo ni sikukuu ya Wayahudi, siku 50 baada ya Pasaka, na ndiyo sababu Yerusalemu ulikuwa umejaa mahujaji kutoka kila upande. Baada ya siku ile Petro na wenzake wanafanya nini? Wanakwenda hekaluni kila siku. Matendo 3 inaanza na Petro na Yohana wakipanda kwenda hekaluni saa tisa alasiri, saa ya sala, wakati dhabihu ya jioni inatolewa. Miaka inapita, na Petro akiwa juu ya dari huko Yafa anaonyeshwa nguo kubwa yenye wanyama wa kila namna na kuambiwa achinje ale. Anakataa: hajawahi kula kitu najisi. Huyu ni mtume aliyetembea na Yesu, aliyehubiri Pentekoste, na bado jikoni kwake hapajaingia kitu kilichokatazwa na torati. Laiti Pentekoste ingekuwa ndiyo siku aliyoacha Uyahudi, maono ya Yafa yasingekuwa na maana yoyote.

Sasa Yakobo. Ninakuomba umpe muda darasani, kwa sababu ndiye kiongozi mkuu wa kwanza wa Kanisa ambaye Wakristo wengi hawamjui. Petro alipotoka gerezani aliagiza Yakobo apelekewe habari. Kwenye baraza la Matendo 15, Yakobo ndiye anayesema neno la mwisho. Paulo anapowataja watu walioonekana kuwa nguzo za Kanisa, katika Wagalatia 2:9, anaanza na Yakobo, kisha Kefa, yaani Petro, kisha Yohana.

Tunajua jinsi alivyokufa kutoka kwa mwandishi ambaye hakuwa Mkristo. Josephus, Myahudi wa ukoo wa kikuhani aliyezaliwa Yerusalemu na kuandika akiwa Roma, anasimulia kwamba mwaka 62 liwali Festo alifariki, na mrithi wake Albino alikuwa bado yuko njiani. Katika pengo hilo kuhani mkuu Anano, Msadukayo, akaitisha baraza haraka haraka, akamleta Yakobo, ndugu wa Yesu aitwaye Kristo, pamoja na wengine kadhaa, akawashtaki kwa kuvunja torati na kuwatoa wapigwe mawe. Kisha Josephus anaongeza jambo ambalo linabadilisha picha nzima: watu wa mji waliojulikana kwa haki, na kwa kuishika sheria kwa makini, walichukizwa mno. Wakapeleka ujumbe kwa siri kwa mfalme Agripa. Wengine wakafunga safari kumwahi Albino akiwa anatoka Aleksandria, wakamweleza kwamba Anano hakuwa na mamlaka ya kuitisha baraza bila ruhusa yake. Agripa akamvua Anano ukuhani mkuu baada ya miezi 3 tu.

Fikiri waliohatarisha nafasi zao kwa ajili ya Yakobo. Hawakuwa Wakristo. Walikuwa Wayahudi washika torati, pengine Mafarisayo, na waliona kwamba aliyeuawa ni mtu wao. Mwandishi wa Kikristo wa karne ya 2, Hegesippus, aliandika kwamba Yakobo alikuwa akipiga magoti hekaluni kuwaombea watu wake hata magoti yakawa na sugu kama ya ngamia. Habari za Hegesippus zimechanganyika na sifa za kumtukuza mtakatifu, sizichukui zote kama zilivyo. Lakini ukiziweka kando ya Josephus, zote mbili zinaelekeza upande mmoja: kiongozi wa Kanisa mama alikuwa akisali hekaluni, na mji ulimjua hivyo.

Paulo ndiye mgumu zaidi, kwa kuwa ndiye tunayemtumia siku zote kama mfano wa mtu aliyeukana Uyahudi. Katika barua zake anarudia kujitambulisha, na anatumia maneno ya wakati uliopo. Kwa Wafilipi: aliyetahiriwa siku ya 8, wa kabila la Benyamini, Mwebrania wa Waebrania. Kwa Wakorintho: wao ni Waebrania? Na mimi pia. Kwa Warumi 11:1: mimi nami ni Mwisraeli. Mbele ya Baraza, katika Matendo 23:6, anapaza sauti kwamba yeye ni Farisayo, mwana wa Farisayo. Hasemi alikuwa. Na neno Mkristo, ambalo Matendo inasema lilianzia Antiokia, halipo hata mara moja katika barua zake zote.

Lakini ushahidi unaonigusa kuliko wote uko katika 2 Wakorintho 11:24, pale anapoorodhesha mateso yake: mara 5 alipigwa na Wayahudi viboko 40 kasoro kimoja. Tunausoma mstari huo kama ushahidi kwamba Wayahudi walimkataa. Usome tena polepole. Viboko 39 vilikuwa adhabu ya sinagogi kwa mtu wa sinagogi. Kumbukumbu la Torati 25 inaruhusu 40, nao wakapunguza kimoja wasije wakakosea hesabu na kuivunja sheria. Mishna, mkusanyiko wa sheria uliokamilika karibu mwaka 200, inaeleza namna adhabu ilivyotekelezwa: mikono inafungwa kwenye nguzo, mtumishi wa sinagogi anashika mshipi wa ngozi ya ndama, theluthi moja ya viboko inapigwa kifuani na theluthi mbili mgongoni. Sinagogi halikuwa na uwezo wa kumpiga mtu wa mataifa. Paulo alikuwa raia wa Roma. Angeweza kusema, mimi si wenu tena, akapita mlango wa pili kwenda kukaa na waamini wa mataifa, na asingeguswa. Wazee wa ukoo hawamtozi faini mtu wa ukoo mwingine. Yeye alirudi, akavua nguo, akapigwa. Kisha akaenda mji mwingine akaingia tena sinagogi, akapigwa tena. Mara 5. Mtu hapokei adhabu hiyo mara 5 kwa ajili ya jamii aliyoihama.

Warumi nao waliwaona hivyo hivyo. Huko Korintho, Paulo alipofikishwa mbele ya liwali Galio, aliyetawala Akaya karibu mwaka 51, Galio alikataa hata kuisikiliza kesi. Kwake yeye ule ulikuwa ubishi wa Wayahudi juu ya sheria yao wenyewe, akawafukuza wote mahakamani.

Usiliache pembeni tukio la Matendo 21. Mwaka ni karibu 57, zaidi ya miaka 20 imepita tangu msalaba. Paulo anafika Yerusalemu, na Yakobo na wazee wanamwambia: ndugu, unaona ni maelfu mangapi ya Wayahudi walioamini, nao wote wana juhudi kwa ajili ya torati. Wamesikia uvumi kwamba unawafundisha Wayahudi wa ugenini wamwache Musa, wasiwatahiri watoto wao. Basi tufanye hivi: tunao watu 4 walio na nadhiri. Wachukue, ujitakase pamoja nao, uwalipie gharama, ili wote wajue kwamba uvumi ule si kweli na kwamba wewe mwenyewe unaishika torati.

Gharama hiyo haikuwa ndogo. Kwa Hesabu 6, Mnadhiri anayemaliza nadhiri yake analeta mwana-kondoo dume kwa sadaka ya kuteketezwa, kondoo jike kwa sadaka ya dhambi, kondoo dume mkubwa kwa sadaka ya amani, pamoja na mikate na divai. Watu 4 ni wanyama 12. Paulo, mwandishi wa Wagalatia, anakubali bila ubishi, anaingia hekaluni na kutoa taarifa ya siku ambayo sadaka hizo zitatolewa. Kabla ya hapo yeye mwenyewe alikuwa amenyoa kichwa huko Kenkrea kwa sababu ya nadhiri. Wapo wahubiri wanaosema kwamba hapa Paulo alilegea au aliigiza. Mimi nakataa. Kama aliigiza, basi uvumi ulikuwa kweli na Yakobo alidanganywa mbele ya Kanisa zima, na mtu aliyemkemea Petro hadharani kwa unafiki ndiye aliyekuwa mnafiki kuliko wote.

Najua utaniuliza juu ya Wagalatia. Sura ya 1 mstari wa 13 Paulo anataja mwenendo wake wa zamani katika dini ya Kiyahudi. Je, hapo hasemi kwamba aliiacha? Endelea na mstari wenyewe: mwenendo anaouzungumzia ni ule wa kulitesa Kanisa kupita kiasi na kuwazidi wenzake wa rika lake kwa wivu wa mapokeo. Huo ndio aliouacha. Katika barua hiyo hiyo, 2:15, anamwambia Petro: sisi ni Wayahudi kwa kuzaliwa. Na hasira yake ile kali yote imewalenga watu waliokuwa wakiwalazimisha Wagalatia, ambao ni watu wa mataifa, watahiriwe. Tito, Mgiriki, hakutahiriwa, na Paulo alisimama imara juu ya hilo. Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, Paulo alimtahiri kwa mkono wake, kwa mujibu wa Matendo 16:3. Mtu yule yule, maamuzi mawili, kwa kuwa hawa walikuwa watu wa aina mbili.

Hilo ndilo lilikuwa shauri la Baraza la Yerusalemu, karibu mwaka 49. Tunalifundisha kana kwamba walikutana kuamua kama torati imefutwa. Swali lililokuwa mezani lilikuwa hili: watu wa mataifa wanaomwamini Yesu, je, ni lazima kwanza wawe Wayahudi? Jibu likawa hapana. Wajiepushe na vilivyotolewa kwa sanamu, uasherati, vilivyosongolewa, na damu. Hakuna aliyeuliza kama Wayahudi nao waache kuwa Wayahudi. Wala haikuwajia akilini. Ugumu wa kweli ulikuwa mezani pa chakula, pale Wayahudi na watu wa mataifa walipokula pamoja, na ndio uliowagombanisha Petro na Paulo huko Antiokia. Nadhani kwenye meza za namna hiyo Paulo mwenyewe hakuwa mkali juu ya chakula, kwa kuwa 1 Wakorintho 9 inaonyesha mtu aliye tayari kujinyima na kujilegeza kwa ajili ya wengine. Wanazuoni bado wanabishana alijilegeza kiasi gani. Lakini kulegeza meza si kuuacha ukoo.

Kuhusu wengine nitapita haraka. Barnaba alikuwa Mlawi wa Kipro, jina lake Yusufu. Apolo alikuwa Myahudi wa Aleksandria. Akila alikuwa Myahudi wa Ponto, yeye na Prisila mkewe walifukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Klaudio. Kati ya wale 7 wa Matendo 6, Luka anamtaja mmoja tu, Nikolao wa Antiokia, kuwa mwongofu, yaani mtu wa mataifa aliyekwisha kuingia Uyahudi kabla. Kundi kubwa la makuhani, inasema sura hiyo hiyo, waliitii imani. Watu wa mataifa katika uongozi wa kizazi cha kwanza wapo, Tito ni mmoja, na kwa ushahidi wa Wakolosai 4 Luka naye huenda ni mmoja. Ni wachache.

Sasa sehemu ya pili ya swali lako, ambayo kwa kweli ndiyo nzito: ni lini basi? Hakuna siku moja. Ila tunaweza kuona mambo yakigeuka.

Baada ya Yakobo kuuawa, anasimulia Hegesippus, Kanisa la Yerusalemu lilimchagua Simeoni mwana wa Klopa, ndugu wa ukoo wa Yesu, naye akaja kusulubiwa katika utawala wa Trajan, mfalme wa Roma. Hegesippus anatuachia pia kisa kimoja ninachokipenda sana. Katika siku za mfalme Domitian, aliyetawala kuanzia 81 hadi 96, wajukuu wa Yuda, ndugu wa Bwana, walishtakiwa kuwa ni wa uzao wa Daudi. Walipofikishwa mbele ya Domitian akawauliza wana mali kiasi gani. Wakasema wote wawili wana denarii 9,000, wala si fedha taslimu bali ni thamani ya shamba la plethra 39, kipimo cha ardhi cha Kigiriki, wanalolilima wenyewe na kulilipia kodi. Wakamwonyesha viganja vyao vyenye sugu za jembe. Akawadharau, akawaachilia, nao wakarudi kuyaongoza makanisa. Ndio hao viongozi wa Kanisa mwishoni mwa karne ya 1: wakulima wa Kiyahudi, jamaa ya Yesu, wenye mikono migumu.

Eusebius, askofu wa Kaisaria aliyeandika historia ya Kanisa mwanzoni mwa karne ya 4, anatoa orodha ya maaskofu 15 wa Yerusalemu kuanzia Yakobo hadi vita vya Bar Kokhba: Yakobo, Simeoni, Yusto, Zakayo, Tobia, Benyamini, Yohana, Mathiya, Filipo, Seneka, Yusto wa pili, Lawi, Efre, Yusufu, Yuda. Wote, anasema, walikuwa Waebrania kwa asili, waliotahiriwa. Kisha vita vya mwaka 132 hadi 135 vikaisha kwa maafa, mfalme wa Roma Hadrian akaujenga upya mji kwa jina la Aelia Capitolina, na Wayahudi wakakatazwa kuukanyaga. Askofu aliyefuata aliitwa Marko, mtu wa mataifa. Ukitaka mwaka mmoja wa kuandika ubaoni, andika 135. Siyo kwa sababu mtu fulani aliamua jambo la imani, bali kwa sababu dola ya Roma iliwazuia Waebrania kuukanyaga mji, na kiti cha Yakobo kikapita kwa mtu asiyetahiriwa.

Kodi nayo ilifanya kazi yake. Kabla ya mwaka 70 kila Myahudi mwanamume alilipa drakma 2 kwa hekalu. Ndiyo ile Petro aliyoulizwa huko Kapernaumu katika Mathayo 17. Hekalu lilipochomwa, mfalme wa Roma Vespasian hakuifuta kodi hiyo, aliielekeza kwa hekalu la Jupiter huko Roma. Domitian akaibana zaidi, akiwatafuta hata waliokuwa wakificha asili yao. Mwandishi wa Kirumi Suetonius anakumbuka kwamba akiwa kijana alimwona mzee wa miaka 90 akivuliwa nguo mbele ya maofisa na umati ili wahakikishe kama ametahiriwa. Katika mazingira hayo, muumini wa mataifa alikuwa na kila sababu ya kusema, mimi si Myahudi. Na waumini wa mataifa ndio waliokuwa wakiongezeka kila mwaka.

Sauti zikabadilika. Mwanzoni mwa karne ya 2 Ignatius, askofu wa Antiokia, anawaandikia Wamagnesia kwamba haifai kumkiri Yesu Kristo na huku kuishi Kiyahudi. Na karibu mwaka 160 Justin, mwalimu Mkristo wa mataifa aliyezaliwa Nablus ya leo, anaandika mazungumzo yake na Myahudi aitwaye Trifo. Trifo anamuuliza: Myahudi anayemwamini Yesu na bado anaishika torati, je, ataokoka? Justin anajibu kwamba kwa maoni yake ataokoka, mradi asiwalazimishe wengine. Lakini anakiri kwamba wapo Wakristo wasiokubali, ambao hawataki hata kukaa meza moja na mtu kama huyo.

Pima umbali huo, mwalimu. Mwaka 49 viongozi Wayahudi wanakutana Yerusalemu kuamua kama mtu wa mataifa anaweza kukubaliwa kama alivyo, nao wanasema ndiyo. Miaka kama 110 baadaye Wakristo wa mataifa wanaamua kama Myahudi anaweza kukubaliwa kama alivyo, na baadhi yao wanasema hapana. Yakobo mwenyewe asingepata nafasi mezani kwao. Paulo alikuwa ameliona hili likija: katika Warumi 11 anawaonya waumini wa mataifa, tawi la mzeituni mwitu lililopandikizwa, wasijivune juu ya matawi ya asili, kwa kuwa si wao wanaolichukua shina, shina ndilo linalowachukua wao. Onyo hilo halikusikilizwa.

Yaliyofuata ni ya kuhuzunisha, nayo yanajulikana. Baada ya mkutano wa maaskofu huko Nikea, mwaka 325, barua ya mfalme Konstantino iliyataka makanisa yasishirikiane na Wayahudi katika kuhesabu tarehe ya Pasaka, na iliwataja kwa maneno ya chuki. Mwaka 386 na 387 padre John Chrysostom alihubiri Antiokia mahubiri makali dhidi ya Wakristo waliokuwa bado wanakwenda kwenye masinagogi siku za sikukuu. Mahubiri yale yalikuja kutumiwa vibaya sana Ulaya, lakini pia yanatufunulia kwamba miaka 350 baada ya Pentekoste waumini wa kawaida katika mji wa Antiokia hawakuwa wameona ukuta ambao maaskofu walitaka uwepo. Na mwanzoni mwa karne ya 5 Jerome, mfasiri wa Biblia, alimwandikia askofu Augustine kuhusu Wanazareti, Wayahudi walioamini kwamba Kristo alizaliwa na bikira, akateswa, akafufuka: wanataka kuwa Wayahudi na Wakristo, akasema, lakini si Wayahudi wala si Wakristo. Watu wenye imani ya Yakobo na desturi za Yakobo, wakaishia kuambiwa hivyo.

Kwa hiyo ukirudi darasani, nakushauri usianze kwa kumwambia mwanafunzi kwamba jibu la kwanza lilikosewa. Wape Matendo 21:17-26 waisome kwa sauti, kabla hamjafungua Wagalatia. Waulize Paulo analipia nini, kwa ajili ya nani, na kwa nini Yakobo anamwomba. Waache wahesabu wale wanyama 12. Kisha wasome Wagalatia 2, nao wataona wenyewe kwamba ni mtu yule yule anayeongea, na kwamba anagombana na ndugu zake wa nyumba moja. Wakiuliza kama basi sisi nasi tushike torati, wapeleke Matendo 15:19-20. Yakobo mwenyewe aliwajibu watu wa mataifa, na hakuwatwika mzigo huo.

Na kama yuko mtoto aliyewahi kusikia ikisemwa kanisani kwamba Wayahudi ndio waliomwua Yesu, mwulize mama yake Yesu alikuwa nani, na waliosimama pamoja naye pale msalabani walikuwa watu wa kabila gani.